Darubini ya 8x42: miaka miwili shingoni, kutoka Rongai hadi Dunga

Darubini hii ya macho mawili nililipia shilingi 19,500. Naandika baada ya miaka miwili ya mvua na jua, kwa sababu kila nikipita nayo mjini Nakuru lazima mtu anisimamishe aniulize inafaa nini na anunue ipi. Sitataja kampuni, maana kinachokuhusu ni zile namba zilizochapwa karibu na gurudumu la katikati, na darubini za 8x42 hutengenezwa na kampuni nyingi.

Ila nianze na watu, maana bila wao nisingeinunua.

Tuko wanne. Mzee wetu anaishi Rongai, Nakuru. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, wa tatu fundi wa pikipiki, wa nne mimi. Aliyetukusanya ni Mzee. Ujanani aliwinda ndege kwa bunduki ya marisau, ile inayorusha vidonge vidogo vingi kwa mpigo, leseni mfukoni. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini kanga, kwale na bata waliendelea kuwindwa kwa leseni miaka mingi baada ya hapo, na yeye na wenzake hawakukosa Jumamosi. Wenzake wale wengi wameshazikwa. Bunduki aliirudisha polisi zamani. Kuamka saa kumi alfajiri hakukumtoka, wala kuchemsha chai ya chupa mbili, wala kutamani watu wa kutembea nao kwenye umande.

Mimi sikuwahi kushika bunduki. Nilikulia upande wa Kakamega, na uwindaji wetu ulikuwa wa isindu, yaani tombo. Tulikuwa na dume mmoja anayeimba vizuri, tunamtia kwenye kijitundu cha vijiti na kukiinua juu ya mlingoti mrefu kando ya shamba lililovunwa. Chini tunafyeka vijia na kutega vitanzi. Giza likianza kuingia dume anaita, na walio mbali wanakuja kumjibu. Nakumbuka nilivyolala macho nikisikiliza ule mlio, nikijua asubuhi tutakuta kitu. Mzee aliponisikia nikisimulia haya alicheka kwa furaha, akasema, "Kumbe wewe ni mwindaji mwenzangu." Tangu siku hiyo nikawa naitwa kila Jumamosi.

Darubini yangu ya kwanza siyo hii. Niliinunua kwa 3,500 kibandani, imeandikwa 60x60 kwa maandishi ya dhahabu. Nilidhani nimepata. Tulipofika juu ya mwamba unaotazama Ziwa Nakuru, nikaielekeza kwa mwari waliokuwa wakielea, nikaona duara dogo jeusi lenye kitu cheupe kinachotikisika. Namba ile ilikuwa uongo mtupu. Nilipoirudisha, muuzaji alikataa hata kuigusa. Iliniuma sana, si kwa hela peke yake, bali kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mzee kwamba safari hii ataona ndege vizuri. Macho yake yameanza kupungua nguvu.

Ni yeye aliyenifungua akili kuhusu namba. Alisema hata kwenye bunduki watu hudanganywa na namba. Bunduki ya namba 12 ina mtutu mpana kuliko ya namba 20, kwa sababu namba hiyo inahesabu vidonge vya madini ya risasi vyenye upana wa mtutu vinavyotosha kufikisha ratili moja. Ukitumia vidonge vikubwa, 12 vinatosha. Vikiwa vidogo unahitaji 20. "Uliza namba inapima nini," akaniambia, "ndipo utoe pesa."

Basi nikauliza. Kwenye 8x42, nane ni mara ambazo ndege anasogezwa karibu, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25, na huo ndio upana wa mwanga unaotoka nyuma kuingia kwenye jicho. Alfajiri mboni ya jicho inapofunguka, mwanga wa milimita tano unaijaza. Darubini ndogo ya 10x25 inakupa milimita mbili na nusu tu, ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi unaona kiza wakati mwenzako anahesabu manyoya. Halafu ukisogeza ndege mara kumi, unasogeza na mtetemeko wa mikono yako mara kumi. Kwa Mzee hilo ndilo lililoamua. Mara nane anaweza kutuliza. Mara kumi hawezi.

Dukani nilisimama mlangoni nikasoma kibao cha duka la dawa ng'ambo ya barabara, nikatazama kama herufi za pembeni zimepinda. Kisha nikailinganisha na macho yangu: nikafumba jicho la kulia, nikazungusha gurudumu la katikati mpaka la kushoto lione wazi. Nikafumba la kushoto, nikazungusha pete ya kioo cha kulia peke yake. Watu wengi hawaijui ile pete, wanatumia darubini mwaka mzima huku kichwa kikiwauma na kusema ni mbaya.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna duka litakalokuambia. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nakosa ndege hata nikiwa nimemwona kwa macho matupu. Namwona kwale kichakani, nainama kuitafuta darubini kifuani, naiweka machoni, naona majani. Asubuhi moja nyumbani kwa Mzee alinitazama nikikosa mara tatu mfululizo, akaweka kikombe chini.

"Kijana wangu, kichwa chako kinakifuata chombo. Kiache chombo kikufuate wewe."

Akasimama. Akanitaka nitazame parachichi moja juu ya mti wake na nisiliachie kwa macho hata nikiguswa bega. Akachukua mikono yangu, akaipandisha polepole mpaka darubini ikanikaa machoni. Lile parachichi lilikuwa katikati ya duara, kubwa, na tone la umande chini yake. Akasema bunduki hupandishwa vivyo hivyo. Shavu halishuki kutafuta kitako. Kitako kinapanda kulifuata shavu, na macho hayamwachii ndege tangu anaporuka. Ukitoa macho kwa ndege kutazama mtutu, ameshakwenda. Na anayeruka humlengi alipo, unamlenga atakapofika, ukigeuka kwa kiuno huku mikono imetulia. Nilifanya mara ishirini na lile parachichi. Siku hizi hata mbayuwayu namfuata.

Ningependa kila anayenunua darubini apate mzee wa namna hii wa kumfundisha. Anatufundisha mengi ya bunduki ambayo sasa ni adabu yetu ya kutembea. Enzi zao, mtu akifika kwenye ua wa waya aliifungua bunduki na kutoa risasi kabla ya kuvuka, hata kama wamechelewa, hata kama kanga wako hatua kumi mbele. Hakuna aliyezungusha mtutu kupita mbele ya mwenzake. Ndege akikatiza upande wa mwenzako, ni wake, unamwachia. Sisi hatuna mtutu, lakini mtu aliyemwona ndege kwanza ndiye anayepewa darubini kwanza, na akishaona anaipitisha bila kuombwa. Fundi alipojiunga nasi alikuwa na haraka ya kunyang'anya. Mzee hakumgombeza. Alimwachia zamu yake mara mbili, basi, yule akajifunza.

Liko na jambo moja alilotusimulia ukingoni mwa Ziwa Nakuru, ambalo linamsumbua. Marisau ya madini ya risasi yanayoangukia majini hubaki matopeni, na bata huyaokota pamoja na changarawe za kusagia chakula tumboni. Risasi ni sumu, inamuua bata taratibu ambaye hata hakulengwa. Marekani walipiga marufuku marisau hayo kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991. Mzee anasema wao walipiga bata miaka yote bila kulijua. Alisema hivyo akitazama maji, akanyamaza muda mrefu, nasi tukanyamaza naye.

Safari iliyonihakikishia kwamba hela yangu haikupotea ilikuwa Dunga, Kisumu. Mwalimu alitaka sana kumwona yule ndege wa mafunjo ambaye hakai mahali pengine ila kwenye mafunjo yenyewe. Tulilala mjini, tukafika ufukweni bado giza, kijana wa pale mwenye mtumbwi akatuchukua. Ukungu ulikuwa juu ya maji, na lenzi za miwani ya mwalimu zikapata mvuke. Darubini ilipata mvuke wa nje tu, nikaupangusa. Ndani haikuingia kitu, kwa sababu hii yangu imefungwa na kujazwa naitrojeni. Wakati wa kununua, uliza hilo.

Tulingoja. Mdiria mdogo alikuja kutua kwenye bua la funjo hatua nane kutoka kwetu, nikamwona na tone la maji limening'inia kwenye ncha ya mdomo wake mwekundu. Likadondoka. Kisha mwenye mtumbwi akainua kidole: sauti mbili ndani ya mafunjo, moja inaita, nyingine inaijibu haraka mpaka unadhani ni ndege mmoja. Mwalimu akapewa darubini. Alikaa nayo kimya, mdomo wazi. Alipoipitisha kwangu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nikaona mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu mbichi, na utosi wa dhahabu. Ikaenda kwa fundi, ikaenda kwa Mzee. Mzee alipandisha mara moja tu, bila kutafuta, kama alivyotufundisha. "Yuko," akasema. Watu wanne, darubini moja, na ndege akatungoja wote.

Hapo ndipo nieleze na kasoro, maana zipo. Ya kwanza inahusu kupitishana kwenyewe: kila mtu akiishika anazungusha ile pete ya jicho la kulia, ikirudi kwangu haioni sawa. Nilipaka alama ndogo ya rangi ya kucha ya mke wangu mahali pangu, nikamaliza tatizo. Ya pili, ukimtazama ndege mweusi dhidi ya anga jeupe, pembeni yake unaona uzi mwembamba wa zambarau. Kule Kakamega msituni, hondohondo wanapokaa juu kabisa ya miti, hilo linaonekana wazi. Za bei kubwa zaidi hupunguza hiyo kasoro. Ya tatu, mkanda uliokuja nayo ni mbaya. Ni mwembamba, unakata shingo, na kishikizo chake kililegea safari ya pili nusura darubini ianguke mtoni. Fundi alinishonea mwingine kwa mpira wa tairi la ndani na kipande cha kanga ya zamani, na huo haujawahi kunichosha ingawa darubini ina uzito wa gramu 600 hivi. Vifuniko vya lenzi vilipotea mwezi wa kwanza.

Kwa wanaovaa miwani: zungushia chini zile pete za mpira za kuwekea jicho, na uhakikishe dukani unaona duara zima. Mwalimu alijaribu nyingine tatu kabla ya hii na zote zilimwonyesha nusu.

Je, inatosha msituni? Kakamega tulimpata shorobo mkubwa wa buluu akitembea juu ya tawi kama kuku, na mkia wake nikauona mpaka ncha. Kwa ziwani, ndege walio mbali sana katikati ya maji, hapana, haifiki. Huko utahitaji darubini ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, na hiyo ni bei nyingine. Kwa mtu anayetembea mashambani, vichakani, kwenye mafunjo, sijaona sababu ya kutafuta nyingine. Ukiwa na 20,000, nunua hii ya namba hizi. Ukiwa na 3,500, ziweke kwanza, uendelee kuongeza.

Mwezi huu miguu ya Mzee imevimba na daktari amemkataza kutembea. Nilimpelekea darubini Jumapili, nikamwekea kiti chini ya mparachichi, na nikamwonyesha alama ya rangi ya kucha ili aweze kuirudisha mahali pangu. Amenipigia simu mara tatu tangu siku hiyo. Ya mwisho ilikuwa jana saa kumi na mbili na robo asubuhi, anaongea kwa kunong'ona kana kwamba niko ubavuni mwake: kwale, jike, kando ya ua wa waya, na vifaranga sita. Alitaka nijue kwamba wamevuka wote.