Taarifa Ilitumwa kwa Ruta, Haikutumwa Kwangu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kuificha, kwa sababu kampuni iliyoniuzia huduma ya intaneti ilinifanya nionekane tapeli mbele ya mzee aliyeniamini. Jina la kampuni sitalitaja. Ruta yao, kile kifaa cha kusambaza intaneti chenye laini ya simu ndani yake, niliinunua miezi kadhaa iliyopita kwa ajili ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, nikawa nalipia kifurushi cha mwezi chenye GB za kuhesabu, na tangu siku ya kwanza nilijua kwamba zikiisha kabla ya siku 30 intaneti inakatika mpaka nilipe tena. Hilo nililikubali kwa hiari yangu. Mnara mmoja unahudumia watu wengi, na anayetumia nyingi alipe zaidi. Sikuja kulalamikia kupimiwa.

Siku yenyewe ilikuwa karibu na mwisho wa kupokea maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Alikuja mzee kutoka Uvinza na binti yake, wamepanda basi alfajiri, vyeti vyote vimo kwenye bahasha ya kaki aliyoiviringisha ndani ya kitenge ili isilowe. Tulijaza fomu ukurasa baada ya ukurasa, na tulipofika kwenye kupakia cheti cha kuzaliwa, ule mstari wa kuonyesha maendeleo ukafika katikati ukasimama. Nikaizima ruta, nikaiwasha. Taa zake ziliwaka kama kawaida, lakini ukurasa haukufunguka. Baada ya kungoja sana yule mzee akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, au ni ile hela tuliyokupa haikutosha?" Swali hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Nilikwenda dukani kwao. Kijana wa kaunta hakunipa hata shikamoo, nami ni wa umri wa mama yake. Akabonyeza kompyuta yake, akasema kifurushi kimeisha na taarifa walishanitumia.

"Mlinitumia wapi, mwanangu?"

"Kwenye namba yako."

Akanisomea namba. Sikuitambua. Nikamwambia kwamba hiyo si namba yangu na sijawahi kuiona. Akajibu bila kuinua macho kwamba hiyo ni namba ya laini iliyomo ndani ya ruta.

"Ruta haina kioo. Ningeusomaje huo ujumbe?"

"Mama, mfumo unaonyesha umetumwa. Kuna watu nyuma yako."

Basi. Nilirudi, nikawasha intaneti ya simu yangu nikaigawia kompyuta, na maombi ya binti yakakamilika jioni, basi la mwisho likiwa limeshaondoka. Mzee na mwanawe walilala kwa jamaa zao Ujiji. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na afadhali angenilaumu.

Usiku ule kijana wa jirani, ambaye ni fundi kompyuta, alinionyesha jambo ambalo hakuna aliyenieleza wakati nanunua: ukiandika anwani ya ruta kwenye kivinjari na kuweka nywila iliyobandikwa chini ya kifaa, unakuta ndani yake kuna kisanduku cha ujumbe. Tulikuta ujumbe 23 ambao haujasomwa. Mwingi ulikuwa matangazo, na katikati ya matangazo hayo, umetumwa siku 4 kabla, ulikuwapo mmoja unaosema kwamba nimetumia asilimia 75 ya kifurushi changu. Uliokuwa juu kabisa ulisema kimeisha. Niliusoma ule wa asilimia 75 mara tatu. Ungenifikia, ningelipa siku hiyo hiyo.

Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka sharti kwamba mtoa huduma amjulishe mteja matumizi ya kifurushi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Kwa hiyo nikiri, kwa maandishi kampuni hii haina kosa: ujumbe ulitumwa, na ulitumwa mapema. Lakini sharti lile liliwekwa ili binadamu ajulishwe. Namba yangu halisi wanayo, niliwaandikia kwenye fomu siku niliyonunua, na wanaitumia kila wiki kunitangazia vifurushi vipya. Kwenye soko la samaki la Kibirizi hapa Kigoma dagaa hupimwa mbele ya macho yako, na mizani ya sokoni ina Wakala wa Vipimo anayekuja kuikagua. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, una mita ukutani, na uniti zikikaribia kuisha unaziona zinavyoshuka. Hawa mizani yao wameiweka upande wao wa kaunta, na mshale wake wameuelekeza kwenye kifaa kisichosema.

Nilidai wanionyeshe matumizi ya kila siku. Kijana yule alikataa. Siku chache baadaye nilipiga simu, nikampata dada mmoja mpole ajabu, naye akanisomea yote bila kunikatiza. Hapo inanibidi niseme lisilonipendeza: kompyuta yangu mwenyewe ilikuwa imepakua masasisho yake usiku mmoja nilipoiacha inawaka, na usiku huo pekee zilikwenda GB 19. Hawakuniibia. Nilikuwa nimeshawaambia nusu ya majirani kwamba ni wezi, na maneno hayo nimeyafuta kwa kila niliyemwambia. Fundi ameiwekea kompyuta mpaka, sasa haipakui kitu mpaka niiruhusu, na mwezi uliofuata kifurushi kilinitosha na kikabaki.

Kikabaki, halafu kikafutwa. Siku ya 30 ilipofika zilikuwa zimesalia GB 11 ambazo nimezilipia, na asubuhi yake hazikuwapo. Muuza mkaa haji mwisho wa mwezi kuchukua mkaa uliobaki kwenye gunia langu. Dada yule aliniambia kwamba ningelipia kifurushi kile kile kabla ya saa sita usiku zingehamia mwezi mpya. Nikamuuliza ukumbusho wa jambo hilo ulitumwa wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwenye laini ya ruta, mama. Samahani sana."

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kasi yao ni nzuri, nayo ni nzuri kweli, hata wakati wa mvua, na kwamba anayejua kufungua ukurasa wa ruta atafaidika nayo. Bado naamini hivyo kwa mtu wa kutumia nyumbani. Kwa mwenye duka kama langu, ambaye mteja wake ametoka Uvinza na siku moja tu mkononi, siwezi kumwambia anunue. Nimeomba mara mbili wabadilishe namba ya kupokea taarifa, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba mfumo hauruhusu. Kifurushi cha sasa kinaisha Ijumaa. Sitalipia kingine mpaka taarifa zao zije kwenye simu hii ninayoandikia.