Kipimo cha dengue pale Sinza: huduma safi, bei ndo inauma

Nawasifia hawa wa maabara ndogo ya Sinza, ile ya juu ya duka la dawa. Nilifika pale homa ikiwa siku ya tatu, viungo vinauma mpaka kujigeuza kitandani shida na nyuma ya macho kunagonga balaa, na jana yake nilishapita zahanati moja wakapima malaria wakakosa, wakanipa mseto hivohivo na juu yake wakasema nina UTI. Ndo kawaida yetu, homa ikija ni malaria, ikikosekana ni UTI au taifodi, wakati Dar hii dengue ilitutesa 2014 ikarudi tena 2019.

Dada wa pale swali lake la kwanza ni homa ina siku ngapi. Akanielewesha kwamba siku kama tano za mwanzo wanatafuta alama ya kirusi chenyewe kwenye damu, kipimo kinaitwa NS1, zikipita hizo inaanza kupotea so wanaangalia kinga ulizotengeneza, ukikosea siku unaambiwa huna kumbe unayo. Nusu saa majibu yametoka, dengue. Wakacheki na chembe sahani, zile za kugandisha damu, wakaniambia kesho nirudi wapime tena, na diklofenaki na aspirini nisiguse kabisa sababu zinaweza kukutoa damu, ninywe panadol na maji mengi basi. Na mimi diklofenaki ninazo kwenye mkoba jamani, nilishameza mbili!

Bei sasa. NS1 peke yake 50,000. Mama mmoja alikuwa nyuma yangu na mtoto anachemka, alivyosikia bei akambeba wakaondoka, na huyo mtoto hata kwenye hesabu ya wagonjwa hayupo, halafu tunaambiana dengue hakuna. Chikungunya, homa ya mbu inayofanana na dengue, ndo hawapimi kabisa, ugonjwa uliotambuliwa hukuhuku nchini, Newala kule Mtwara, miaka ya 1950 na jina lake la Kimakonde, hii imeniuma sana.

Kitu kingine nilichopenda, dada alinambia mbu anayeleta dengue anauma mchana na anazaa kwenye maji masafi, chandarua cha usiku hakitoshi. Nimefika home nikakuta viluwiluwi kwenye pipa la kukingia mvua, nimelisugua kuta zote maana mayai yanaganda pale yanakaa miezi hata pakikauka.

Nawapa nyota 4. Wanafungua saa 1 asubuhi, nenda mapema, foleni inakuwa ndefu.