Kitabu cha mwaka cha haiskuli: hela yako inalipia kurasa za wosia, zilizobaki ni mbwembwe

Nyota tatu na nusu kati ya tano, na karibu zote ni za zile kurasa nne za wosia wa utani wa wanaomaliza, nasema mapema ili asiye na muda aondoke na hilo. Naishi Minnesota, binti yangu kamaliza haiskuli mwaka huu na mdogo wake yuko darasa la kumi shule hiyohiyo, kwa hiyo kitabu kina wasomaji wawili nyumbani na mlipaji mmoja.

Kwa ambao hamjakutana na hii kitu, shule za sekondari za Marekani nyingi sana hutoa kitabu kila mwaka, kava gumu, karatasi nzito inayong'aa, ndani picha ya kila mwanafunzi, timu zote, bendi, klabu ya chesi, tamthilia, dansi, walimu na wapishi. Wanafunzi wenyewe ndo wanaopiga picha na kupanga kurasa wakiwa na mwalimu mlezi, halafu kazi inaenda kuchapwa kwenye moja ya makampuni machache yaliyoishika hii biashara, kuna Jostens walioanzia hukuhuku Minnesota mji wa Owatonna mwaka 1897, kuna Walsworth wa Missouri, Herff Jones wa Indianapolis, na wengine. Cha kwetu kimechapwa na nani sisemi, mtaelewa mbele kwanini.

Sasa wosia. Haiskuli huku ni miaka minne, la tisa mpaka la kumi na mbili, na wale wa la kumi na mbili wakikaribia kuondoka kuna shule zinawapa nafasi ya kuandika wosia wao, kwenye kitabu hiki au kwenye toleo la mwisho la gazeti la shule. Mtoto anaandika kama mzee anayegawa mashamba, kwa lugha ya kimahakama kabisa, mimi fulani bin fulani nikiwa na akili zangu timamu, namwachia fulani wa darasa la kumi na moja... halafu anachoacha sio shamba wala nyumba. Anaacha tabia. Uvivu wake, urefu wake, kicheko chake kile cha kufukuzisha mtu maktaba, kipaji cha kulala macho wazi kipindi cha hesabu. Na anayeachiwa anatajwa, ndo utamu wenyewe, maana shule nzima inajua kwanini yeye.

Nikamsimulia shangazi yangu Tanga kwa simu, nilidhani atacheka. Kimya. Kisha: "Mtoto kaandika wosia? Kwani anaumwa nini?" Nikamwambia haumwi shangazi, ni utani wa shule. "Utani gani huo wa kujichuria, miaka kumi na nane mtu anaandika wosia, mwambie auondoe." Nikamweleza polepole kwamba hagawi mali anagawa tabia, anawaachia walio chini yake. Akafikiri, maana shangazi kasoma madrasa mpaka mirathi, sheria ya Kiislamu ya urithi, akasema haya basi, lakini wosia hauzidi theluthi ya mali, asije akagawa tabia zote akafika chuo kikuu hana kitu. Nikamwambia na mdogo wake kamwachia. Hapo akawaka upya, mrithi hausiiwi, mwenye fungu lake haandikiwi wosia! Halafu mwenyewe akajirudi, ngoja, baba mtu yupo hai, ndugu hana fungu mbele ya baba, basi wosia ni halali. Nikashukuru kwamba uzima wangu umefaa kitu.

Hii desturi wala sio ya vijana wa simu. Nenda Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, wameweka vitabu vya shule vya zamani vingi mno vilivyoskaniwa, fungua chochote cha miaka ya 1910 au 1920, unakuta historia ya darasa, utabiri wa darasa, yaani nani atakuwa nani baada ya miaka ishirini, na wosia wa darasa, vitatu hivyo vinatembea pamoja na vilikuwa vinasomwa kwa sauti kwenye siku ya darasa kabla ya mahafali. Zamani darasa zima lilikuwa linaandika wosia mmoja, juu tunafuta wosia zote tulizowahi kuandika, kisha kipengele kwa kipengele, kwa walio chini yetu tunaacha viti vyetu, kwa fulani nywele za mawimbi za fulani, kwa mfupi inchi kadhaa za mrefu. Mi naona zile zilikuwa bora kuliko za leo kwa sababu zilikuwa zinaandikwa na watu wawili watatu wenye ulimi, sio kila mtu. Sasa hivi kwetu kila anayemaliza anapewa maneno yake arobaini na wengi hawajui wayafanyie nini.

Kwenye kitabu chetu nimezisoma zote. Nusu ni takataka, niseme tu ukweli. Kuna zile za herufi, kwa J, kwa K na M, mnajua wenyewe, ile siku ya basi, hahaha. Sawa, wenyewe wanajua, mimi niliyelipa dola 85 sijui. Baada ya miaka kumi hata J atakuwa hajui. Kuna za sukari, nawaachia wote upendo na kumbukumbu, hiyo ni kadi ya maduka sio wosia. Na za mapenzi, jamani, kitabu kinakaa miaka hamsini na hayo mapenzi yalishakufa mwezi wa nne.

Lakini zilizobaki! Kijana mmoja wa timu ya mbio ndefu kamwachia mtoto wa darasa la tisa nafasi yake ya pili kutoka mwisho, kasema ameilinda miaka minne mvua na theluji, kuna watu watajaribu kumsukuma mpaka ya mwisho au kumshawishi apande, asikubali. Msichana wa bendi anayepiga tromboni kaacha doa. Tromboni ina kitundu cha kutolea maji ya pumzi yaliyochanganyika na mate, unabonyeza yanamwagika chini, na kwenye chumba chao cha bendi kuna doa la kahawia kwenye zulia chini ya kiti cha tatu mstari wa nyuma, kaandika kwamba doa hilo alilikuta, akalitunza, akalipanua, na sasa anamkabidhi mwenzie wa la kumi na moja likiwa katika hali nzuri kuliko alivyolipokea. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia. Simjui huyo mtoto, sijui hata sura yake, na hapo ndo unaujua wosia ulioiva, asiyehusika kabisa anacheka, kwa sababu mwandishi katoa kitu kimoja kinachoshikika, doa, kiti cha tatu, sio "ucheshi wangu".

Binti yangu kamwachia mdogo wake uwezo wa kusema "nakuja" bila kunyanyua hata kidole cha mguu. Kaandika Kiingereza chote isipokuwa hilo neno, kaliacha hivyohivyo, na limechapwa sawasawa kila herufi. Nataka mlikumbuke hili.

Kuna jambo la tarehe ambalo wazazi wageni hawalijui. Ili kitabu kifike mwezi Mei, kurasa zinafungwa majira ya baridi, kwetu wosia ulikusanywa Februari. Kwa hiyo mahafali yenyewe hayamo, michezo ya majira ya kuchipua haimo au imo nusunusu, na wosia umeandikwa na mtu ambaye bado ana miezi mitatu ya kuharibu. Kijana mmoja kamwachia mwenzie nafasi yake ya kupaki gari, ya mstari wa mbele kabisa karibu na mlango wa kantini, kaisifia kwa maneno yote arobaini, kumbe mwezi Machi shule ilishamnyang'anya kwa kuchelewa kila siku. Kitabu kinatoka, marehemu kagawa mali isiyo yake. Zipo shule zinazochagua kutoa kitabu mwanzoni mwa muhula unaofuata ili vyote viingie, ila hapo mtoto ameshaenda chuo na zile kurasa tupu za kusainiana zinabaki tupu, na kusainiana ndo kitu cha pili kinachofanya kitabu kiwe na maana. Chagua maumivu yako.

Halafu mkono wa shule. Wosia wote unasomwa na mwalimu mlezi na mkuu wa shule kabla ya kwenda kuchapwa, na zetu mbili tatu zilikatwa, binti yangu alikuwa kwenye timu ya kupanga kurasa kwa hiyo nilisimuliwa. Iliyoniuma ni ya kijana aliyetaka kuacha sauti yake ya baba, ile anayoitumia kupiga simu ofisini asubuhi kusema mwanangu leo ana homa. Ikafutwa, na bila shaka ofisi sasa inasikiliza simu kwa makini zaidi. Wengine wanalalamika kwamba huo ni udhibiti. Kisheria shule za huku zina kamba ndefu, Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988 kwenye kesi ya Hazelwood, shule moja ya Missouri ambayo mkuu wake alikuwa ameondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi, iliamua kwamba shule inaweza kuhariri kinachotoka kwa jina lake ikiwa na sababu ya kielimu, ingawa baadaye majimbo kadhaa yametunga sheria zao za kuwarudishia wanafunzi nafasi. Mimi kwenye hili niko katikati. Wosia ni mahali pepesi sana pa kuficha kisu, unamwachia msichana fulani sabuni, au unamwachia mnene fulani mlo wako, shule nzima inaelewa na yeye hana pa kujibu kwa sababu wewe umeshaondoka. Kuna shule zimeifuta sehemu hii kabisa kwa ajili hiyo. Bora kukata tatu kuliko kufuta zote, ila ile ya sauti ya baba haikumuumiza mtu, wangeiacha bwana.

Kwetu tulikuwa tunaachiana vitu. Bweni la Tanzania kidato cha nne akiondoka, form wani wake anarithi ndoo, godoro lililobonyea, kitanda cha chini pale dirishani, mitihani ya nyuma iliyokunjwa kunjwa na, ukiwa na bahati mbaya, jina la utani. Ya mdomo yalikuwepo mengi na makali kuliko haya ya kwenye kitabu, sema hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa ilikuwa risala ya mahafali na kule hakuna utani, kule tunamwomba mgeni rasmi basi la shule na uzio.

Na hata huku, wosia wa kweli kweli hauko kwenye kitabu. Timu na bendi wana wao, chakula cha jioni cha mwisho wa msimu, mmoja mmoja anasimama na kukabidhi kitu na maneno juu. Mdogo mtu karudi nyumbani na kofia ya sufu ya rangi ya haradali, mbaya haswa, ina harufu, imefumuka sikio moja, ukiigeuza ndani kuna majina ya walioivaa kabla yake kwa kalamu ya wino mzito, ya zamani yamefifia mpaka huwezi kuyasoma. Pamoja na kofia kaachiwa jukumu la kulalamika kila mazoezi kwa niaba ya timu. Haikugharimu senti na haiko kwenye mashine ya kufulia kwa sababu kakataa isifuliwe.

Haya, malalamiko. Bei kwanza, dola 85 ni ya wanaooda mapema, ukisubiri inapanda na mwisho wanakwambia vimeisha. Kuandika jina kwenye kava ni hela ya ziada, nikalipa, na jina la binti yangu likaja limekosa herufi moja. Jina lenyewe nililiandika mimi kwenye fomu ya onlaini, nina imeili ya uthibitisho, imeandikwa sawa. Yaani "nakuja" ya ndani wameipatia, jina la mtoto juu ya kava, kwa rangi ya dhahabu, wamelikosea. Nimewaandikia, wakajibu kwa adabu kwamba watatuma kibandiko. Kibandiko! Nimekataa, bado tunaandikiana.

Tangazo la mzazi pia msikurupuke. Wanakuuzia robo ukurasa, nusu au mzima, uweke picha ya mtoto akiwa mdogo na maneno ya pongezi. Tulichukua robo, bei ilikaribia ya kitabu chenyewe, na picha ikatoka ndogo kiasi kwamba mtoto kwenye beseni anaonekana kama kiazi. Wazazi wengine wanachukua ukurasa mzima, wana mabeseni makubwa sijui.

Mdogo mtu bado ana miaka miwili pale kwa hiyo nitanunua tena, ila safari hii naoda Septemba, bila jina kwenye kava, bila tangazo. Nyie mnaofikiria, kabla ya kulipa muulizeni mwalimu mlezi maswali mawili tu, kitabu kinatoka Mei au baada ya likizo, na je kuna wosia. Kama hakuna wosia, mimi nisingelipa, mpeni mtoto hela ya pizza akakae na wenzie wasainiane kwenye fulana.