Nani bora zaidi katika tenisi, Laver wa zamani au Djokovic?
Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, hapa Lubumbashi anagonga meza kwa kifuniko cha bia ya Simba: Djokovic mataji 24 ya Grand Slam, yale mashindano makuu manne ya kila mwaka, Laver 11, basi. Nakataa. Laver alitwaa yote manne mwaka 1962, akageuka mchezaji wa kulipwa, na kwa kuwa wa kulipwa hawakuruhusiwa humo, akafungiwa mlango hadi 1968. Miaka mitano ya ubora wake ikaliwa hivihivi! Mwaka 1969 akayazoa tena yote manne. Djokovic, 2021, alichukua matatu, Medvedev akamwangusha kwenye fainali ya la nne, New York.

Ila matatu kati ya manne ya Laver yalichezwa kwenye nyasi, uwanja wa aina moja. Hapo yaya ananibana. Namrudishia Mazembe, timu yetu ya soka: vikombe vya Afrika vya 1967 na 1968, enzi ilipoitwa Englebert, navyo ni vya zamani, nani mjini huvipunguza?