Miezi kumi na moja na sufuria ya presha ya umeme

Nilinunua sufuria hii ya lita 6 hapa Dar es Salaam kwa shilingi 135,000, na nakiri kwamba siku ya kwanza bei yake ilinitia hofu, kwa sababu lengo langu lilikuwa kupunguza matumizi ya jikoni wala si kuyaongeza. Tuko watu watano nyumbani. Maharage tulikuwa tunayapenda sana, lakini kuyachemsha kwa mkaa kulikuwa kunachukua zaidi ya saa mbili, kwa hiyo mara nyingi nilituma mtoto kwa jirani anayeuza yaliyokwisha kuchemshwa, ya shilingi 2,500 kwa mlo mmoja.

Sasa naloweka robo tatu ya kilo usiku, asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya hadi yafunike maharage, kisha nafunga mfuniko na kuweka dakika 30. Sizidishi kipimo hicho, kwa maana maharage hutoa povu na huvimba, na yakipita nusu ya sufuria povu linaweza kuziba tundu la mvuke. Dakika zikiisha, siligusi lile tundu. Nasubiri hadi kile kipini kidogo cha kwenye mfuniko kishuke chenyewe, kama dakika 15 hivi, na nikifungua nakuta maharage yameiva na hayakupasuka ganda.

Nilisoma mita ya Luku kabla na baada ya kupika, nikakuta zimetumika uniti 0.4. Kwa sisi tunaolipa takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 150. Sababu ni kwamba ndani ya sufuria iliyofungwa maji huchemka kwenye joto la karibu nyuzi 120 badala ya 100, na presha ikishapanda umeme huingia kwa vipindi tu. Maharage yenyewe, kwa bei ya shilingi 3,200 kwa kilo niliyoipata Tandale, yanagharimu shilingi 2,400 na kututosha milo miwili, ambayo zamani ingenigharimu 5,000. Tunakula maharage mara tatu kwa wiki au zaidi, hivyo kufikia mwezi wa tisa bei ya sufuria ilikuwa imesharudi.

Hata hivyo, faida kubwa sikuiona kwenye mita, bali kwenye kapu la sokoni. Vyakula vya bei nafuu nilivyokuwa navikwepa kwa sababu vinakula mkaa vimerudi mezani kwetu: makande, kunde kavu, choroko, mifupa ya supu, na makongoro ambayo mama mkwe wangu alikuwa amezoea kuyakalia mchana kutwa. Nanunua nafaka kwa kilo 20, naianika juani siku moja, kisha naihifadhi kwenye madumu makavu yaliyofungwa vizuri ili wadudu wasiiharibu.

Ugali na chapati bado napika kwa gesi. Umeme ukikatika katikati ya kupika, naiacha sufuria imefungwa, kwani joto hubaki ndani muda mrefu, na ukirudi nawasha tena kwa dakika chache. Mwiko natumia wa mti peke yake, maana wa chuma hukwangua sufuria ya ndani.

Kilichoniudhi ni mpira wa mfuniko. Mwezi wa tisa ulilegea, mvuke ukawa unatoka pembeni na presha haipandi, nami niliporudi kwa muuzaji alinijibu kwamba hana mpira wa akiba na kwamba ninunue sufuria nyingine. Nilizunguka Kariakoo siku mbili nikiwa na mpira wa zamani mkononi, hadi fundi mmoja akanipatia wa sentimita 22 kwa shilingi 8,000. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizeni kwanza mpira wa akiba, na kama upo ununueni siku hiyohiyo.