Gari-nyumba au nyumba ya likizo ng'ambo: cha kununua kwanza na cha kuepuka

Wengi wanaopima mambo haya mawili huanza na bei ya kununulia, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, na nyumba ya likizo vyote ni vitu ambavyo mwenyewe huvitumia wiki chache tu kwa mwaka. Wiki zote zilizobaki vinaendelea kula: bima, kodi, maegesho, ada ya jengo, mtu wa kuangalia. Kwa hiyo katika kupanga orodha hii nimeweka mbele maswali mawili. Kitu hiki kitanila kiasi gani siku ambazo sipo? Na siku nikikichoka, nitatokaje? Nimeanza na ninachokipendekeza kwa moyo wote, nikashuka hadi kile ambacho nisingependa ndugu yangu akiguse.

Lakini kabla ya kununua chochote, gari likodi na nyumba ipange. Kodi gari-nyumba wiki ya mvua, si wiki ya jua. Nguo mbichi zikiwa zimetundikwa mlangoni na familia nzima imebanana meza moja, utajua kama safari za namna hii mnaziweza. Nyumba nayo ipange mwezi ule ambao watalii wameshaondoka: angalia kama duka bado liko wazi, kama basi bado linapita, kama jirani bado yupo. Madalali huonyesha nyumba za pwani bahari ikiwa inang'aa. Kazi ya mnunuzi ni kuiona ikiwa imenuna.

1. Kampavani iliyotumika, isiyozidi mita 6

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa mtu anayepata likizo vipande vipande, anayependa kubadili mahali, au ambaye bado hajajua moyo wake uko nchi gani. Nazungumzia gari la mizigo lililogeuzwa kuwa la kulala, ambalo bodi yake ya chuma imetoka hivyo kiwandani. Huko Ulaya, nyingi zimejengwa juu ya Fiat Ducato, ambayo huja kwa urefu wa mita 5.41, 5.99 na 6.36. Chukua ile ya 5.99. Inatosha kuweka kitanda cha kudumu, jiko na choo, inaingia sehemu nyingi za maegesho ya kawaida, na vivuko vinavyotoza kwa urefu mara nyingi hupandisha nauli ukivuka mita 6. Zaidi ya yote, unaweza kuiendesha kwenda sokoni au kazini, kwa hiyo haikai tu ikikuangalia.

Nasema iliyotumika kwa sababu mwenye kwanza ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kushuka kwa thamani. Ukiinunua ikiwa na miaka minne hadi saba, ukaitunza, ukaiuza baada ya miaka mitatu, hasara yako inavumilika. Na kuuza kwenyewe ni kazi ya wiki, si ya miaka. Hakuna nyumba ya ng'ambo inayokupa mlango wa kutokea ulio karibu hivyo.

Ukaguzi wake si ule wa gari la kawaida. Injini na mkanda wa taimingi fundi yeyote mzuri atakupimia. Kinachoua magari haya ni maji yanayopenya polepole kwenye maungio, na hayo fundi wa injini hayatafuti. Mwombe muuzaji asifungue madirisha kabla hujafika. Mlango ukifunguliwa, vuta pumzi kabla ya kusema lolote, maana harufu ya ukungu haifichiki kwa marashi. Kisha fungua makabati yote ya juu, toa vilivyomo, ubonyeze kwa kidole gumba kwenye pembe za dari, chini ya kila dirisha, kuzunguka tundu la hewa la paa na nyuma ya choo. Ukuta mzima unakikataa kidole. Ukuta uliooza unabonyea na kurudi polepole, au bitana yake imeanza kufanya mawimbi. Kipimo cha unyevu cha mkononi si ghali, nenda nacho. Kikisoma zaidi ya asilimia 20 mahali popote penye mbao, usitoe arubuni mpaka ijulikane maji yanatoka wapi.

Inama usome na matairi. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa sana na kutembea kidogo, hivyo tairi huonekana jipya kumbe mpira umeshazeeka na kuanza kupasuka. Uliza umri wa betri ya ndani pia. Ya risasi na asidi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya chaji hufa mapema, na muuzaji akisema "iko vizuri tu" bila kukuwashia taa na friji kwa saa moja, ihesabu kuwa ni ya kubadilisha. Mfumo wa gesi uwe na cheti cha kupimwa uvujaji. Hilo usilijadili.

Mtego mwingine ni uzito, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wauzaji hupita haraka. Katika Umoja wa Ulaya leseni ya kawaida ya daraja B kwa kawaida huishia gari la kilo 3,500, na kampavani nyingi zimesajiliwa kwa kikomo hichohicho. Uzito unaosoma kwenye karatasi za kiwanda umejumuisha dereva wa kilo 75 na mafuta ya asilimia 90 ya tangi. Haukujumuisha abiria, baiskeli, wala turubai la kivuli lililofungwa baadaye, na watengenezaji wengi huhesabu maji kidogo tu ya safari. Chukua gari la kilo 3,050. Umebakiwa na 450. Abiria watatu, 210. Turubai na betri ya pili, 60. Baiskeli mbili, 40. Nguo, vyakula, viti na vyombo, 120. Zimebaki kilo 20, na bado hujajaza tangi la maji la lita 100. Ukisimamishwa na polisi faini ni yako, na ukipata ajali kampuni ya bima itakuwa na hoja ya kukataa kulipa. Kabla ya kununua, lipeleke gari kwenye mizani ya malori ulipime.

Na ile ndoto ya kulala popote panapopendeza, ipunguze. Croatia hairuhusu kulala garini nje ya kambi zilizosajiliwa. Ujerumani inakubali usiku mmoja kando ya barabara kwa ajili ya dereva kupumzika, lakini ukitoa meza na viti hapo si kupumzika tena, umepiga kambi. Haki ya wananchi wa Norway na Uswidi kutembea na kupiga hema porini haihusu magari. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 2023, inataka gari linalolala bure kwenye maeneo ya halmashauri liwe na choo kilichofungwa moja kwa moja, si cha kubebeka. Weka gharama za kambi kwenye bajeti tangu mwanzo.

2. Fleti ndogo, ndani ya jengo linalosimamiwa, usiyohitaji gari kuifikia

Hii inapanda hadi namba moja kwa mtu wa aina moja tu: anayerudi mji uleule kila mwaka bila kulazimishwa, na anayeweza kukaa huko miezi, si siku. Pengine ana wazee au wajukuu huko. Kwake kampavani itakuwa usumbufu.

Ninasisitiza fleti kwa sababu ya siku ambazo haupo. Bomba likipasuka kwenye jengo lenye msimamizi, kuna mtu atafunga maji. Hata hivyo soma bima yako vizuri. Nyingi hupunguza au hukata kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60 mfululizo, na nyumba ya likizo kazi yake ni kukaa tupu.

Gharama ya kuingia ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ufaransa, nyumba isiyo mpya hubeba takriban asilimia 7 hadi 8 ya bei kama kodi na malipo ya notari, yaani ofisa wa sheria anayethibitisha mauziano. Hispania, kodi ya uhamisho pekee katika majimbo mengi ni kati ya asilimia 6 na 10, bado wakili na usajili. Fedha hizo hazirudi. Ukiuza baada ya miaka miwili, umezitupa.

Baada ya hapo zinakuja za kila mwaka. Ufaransa iliondoa kodi ya ukaazi kwa nyumba ambamo mtu anaishi kwa kudumu mwaka 2023, ikaiacha kwa nyumba za pili, na miji yenye uhaba wa makazi inaruhusiwa kuiongeza kwa asilimia 5 hadi 60. Hispania humtoza mmiliki asiye mkazi kodi ya mapato kwa nyumba ambayo hata haijapangishwa, na siku ukiuza, mnunuzi hukata asilimia 3 ya bei na kuipeleka serikalini, kisha wewe unaanza kudai kilichozidi kodi yako. Tena huko deni la ada ya jengo la mwaka husika na miaka mitatu iliyotangulia hufuata nyumba, si mtu. Dai cheti cha kutodaiwa kabla ya kusaini.

Wakili awe wako. Si yule aliyeletwa na dalali, hata akiwa mwungwana kiasi gani.

Kuna nchi ambako neno "kununua" lenyewe lina mipaka kwa mgeni. Thailand haimruhusu kumiliki ardhi, lakini anaweza kumiliki fleti mradi wageni wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo. Meksiko, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani, hati hukaa kwa benki kama mdhamini anayeishika kwa niaba yako, kwa mkataba wa miaka 50 unaoweza kuongezwa. Si njia mbaya. Ila ujue unalipia nini.

Msinunue kwa kutegemea mambo mawili. La kwanza ni ukaazi. Ureno ilifunga mlango wa viza kwa kununua nyumba Oktoba 2023, Hispania ikafuata Aprili 2025. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya na asiye na kibali cha ukaazi, hata akiwa na hati ya nyumba mfukoni, anabaki na siku 90 katika kila siku 180 ndani ya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Anayelala kwenye gari ana siku hizohizo. La pili ni pango linalolipwa na wapangaji wa muda mfupi. Barcelona imetangaza kutohuisha leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, ifikapo Novemba 2028. Ikiwa hesabu yako inasimama tu kwa sababu wapangaji watalipa mkopo, basi haijasimama.

Zungumzieni pia mirathi mapema. Kwa sheria ya Ufaransa watoto wana fungu ambalo wosia hauwezi kuligusa. Tangu Agosti 2015 kanuni ya Umoja wa Ulaya inamruhusu mtu kuchagua sheria ya uraia wake itawale mirathi yake, lakini ni lazima aandike hivyo akiwa hai.

3. Gari-nyumba kubwa lililojengwa kiwandani

Lile lenye paa lililoinuka, sebule nyuma, bafu la kusimama. Ni zuri kwa wastaafu wanaoondoka miezi mitano kwa mkupuo mmoja. Kwa wengine ni kubwa mno kwa wiki mbili za likizo na halina kazi nyingine mwaka mzima. Kuta zake zimeunganishwa kwa vipande, kwa hiyo yale maji niliyoyasema yana njia nyingi zaidi za kuingia. Likivuka kilo 3,500 linataka leseni ya juu zaidi. Uingereza, waliofaulu mtihani kabla ya 1 Januari 1997 wamebeba ruhusa ya hadi kilo 7,500 kwenye leseni zao, wadogo zao hawana, na hilo linapunguza wanunuzi siku ya kuuza. Jipya kabisa sikushauri.

4. Nyumba ya peke yake yenye bustani na bwawa

Najua ndiyo picha iliyo kichwani mwa wengi. Bwawa linataka dawa na pampu hata usipolioga. Bustani haijui kwamba umesafiri. Utampata mtu wa kuiangalia, utamlipa kila mwezi, na wiki yako ya kwanza ya likizo utaimaliza ukikagua paa na kumngoja fundi bomba. Ina maana tu kwa familia pana inayoijaza kwa zamu, yenye mtu wa kuaminika anayeishi jirani, na iliyokubaliana kwa maandishi nani analipa nini. Bila hayo, kaeni hotelini.

5. Kununua wiki, yaani umiliki wa zamu

Hapa haununui nyumba. Unanunua haki ya kukaa wiki fulani, pamoja na wajibu wa kulipa ada ya matunzo inayopanda kila mwaka, na mkataba mwingine hukufunga kwa miongo. Soko la kuuziana ni dogo kiasi kwamba wapo wanaozitoa bure wapate tu kuondokewa na ada. Mauzo yake mengi hufanywa kwenye mkutano wa saa kadhaa, mtu akiwa likizoni, na bei ya "leo tu". Ndani ya Umoja wa Ulaya, maelekezo namba 2008/122 yanakupa siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na yanamkataza muuzaji kupokea hata senti ndani ya siku hizo. Aliyekuomba kadi ya benki kabla hazijaisha ameshavunja sheria. Na kama umesaini wiki hii, andika barua ya kujitoa leo, itume kwa njia inayoacha ushahidi, na utunze risiti.