Seva ya raki: kabla ya kuhesabu poti, uliza ya usimamizi iko wapi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu seva za raki, zile bapa zinazofungwa kwenye fremu ya chuma, yanafanana mno. Seva inawaka, taa za mbele ni shwari, poti za nyuma zinametameta, lakini mfumo umeganda na mwenyewe yuko mbali, hana njia ya kuizima na kuiwasha tena. Ukimwuliza kebo ya usimamizi kaichomeka wapi, anakujibu: kwani kuna ya usimamizi?

Kwa hiyo leo prosesa, RAM na diski naviacha. Hivyo muuzaji atakuimbia bila kuombwa.

Ndani ya seva yoyote ya maana kuna kompyuta ndogo iitwayo BMC. Inapata umeme hata seva ikiwa imezimwa, mradi kebo ya umeme imechomekwa. Ndiyo inayokuwezesha kuiwasha, kuizima na kuona skrini yake ukiwa popote. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, na kwa Supermicro wengi wanasema tu IPMI. BMC huingia kwenye mtandao kwa mojawapo ya njia mbili: poti yake peke yake, au kugawana poti mojawapo ya data. Hapo kwenye kugawana ndipo balaa linapoanzia.

Chukua Supermicro. Nyingi zina poti maalumu ya IPMI, lakini kiwandani huwekwa kwenye hali ya Failover: BMC inapoamka hutazama kama poti yake ina mawasiliano, ikikosa inahamia LAN1, poti ya kwanza ya data. Sasa umeme ukatike, urudi. Swichi ya mtandao na seva vinaamka pamoja, ila swichi inachelewa. BMC inachungulia poti yake, inaona kimya, inahamia LAN1 na kubaki huko. Kebo yako ya usimamizi imechomekwa vizuri kabisa na haina faida yoyote. Na kama LAN1 inatazama intaneti moja kwa moja, umeianika BMC hadharani. Mashine za kabla ya 2020 zilitoka na jina ADMIN na nenosiri ADMIN, na wapo wasioligusa mpaka leo. Paneli ya mbele haitakwambia lolote. Taa ya LAN1 itametameta kama kawaida. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao ya BMC na kuchagua Dedicated, yaani poti yake peke yake, siku ileile unapoifunga rakini.

Sasa mpangilio wangu wa seva hizi kwa ubora. Sifichi kwamba naipendelea Dell.

Namba moja ni PowerEdge R740. Poti ya iDRAC iko nyuma, imetengwa na poti za data, hutaichanganya. Lakini kilichonifunga kwake ni upande wa mbele. Sikio la kulia, yaani paneli ndogo ya pembeni, lina kitufe cha kuwashia, USB, tundu la VGA la skrini, na tundu dogo la micro-USB liitwalo iDRAC Direct. Unachomeka laptopu hapo, unafungua kivinjari kwenye 169.254.0.3, na uko ndani ya iDRAC bila kuzunguka nyuma ya raki wala kuhangaika na swichi. Sikio la kushoto lina taa ya afya: bluu tulivu ni salama, njano inayopepesa ni hitilafu. Ukiibonyeza, bluu inaanza kupepesa mbele na nyuma, ili aliye nyuma ya raki asichomoe kebo za seva ya jirani. Ukipata yenye kifuniko chenye skrini ndogo, chukua, utasoma anwani ya iDRAC hapohapo.

Namba mbili ni HPE ProLiant DL360 Gen10. Poti ya iLO imetengwa, kitufe cha UID cha kuwasha taa ya kuitambua seva kipo, na mbele kuna tundu la huduma la iLO. Nimeishusha kwa sababu bila leseni ya iLO Advanced, skrini ya mbali inakufungia mlango mara tu mfumo endeshi unapoanza, yaani pale unapoihitaji zaidi. Dell nao wanaitaka leseni ya Enterprise kwa skrini ya mbali, najua, msinishambulie. Angalau lile tundu la mbele la Dell linanipoza.

Namba tatu Supermicro. Skrini ya mbali haihitaji leseni, na hilo nawapongeza. Ila hiyo Failover ya kiwandani inanitoa jasho.

Zile za bei ya chini zisizo na BMC kabisa: kwa maabara ya nyumbani, sawa.

Kuhusu aina ya poti nitasema machache. 10GBASE-T, yaani mtandao wa gigabiti 10 kwa waya wa shaba, yenye RJ45 (kichwa cha kebo ya kawaida ya mtandao), inataka kebo ya Cat6A kufika mita 100. Ukiwa na Cat6 hesabu mita 55. Ndani ya raki moja, SFP+, tundu linalopokea moduli au kebo maalumu, na kebo fupi ya shaba ya DAC haichemki sana na inakula umeme kidogo. Lakini poti ya SFP+ ni tundu tupu, na tangazo linaloandika “10G tayari” mara nyingi halina kebo wala moduli ndani ya boksi.

Na hapa wauzaji wa seva zilizotumika wananikera kweli. Wanaandika “poti tano za mtandao” huku ya tano ni ya usimamizi, ambayo data yako haitapita kamwe. Wanapiga picha ya mbele kifuniko kikiwa kimefungwa, kumbe nyuma yake trei za diski hazipo na sikio la kulia limevunjika. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiuliza leseni ya iDRAC, unajibiwa “full option”. Full option si daraja la leseni, bwana! Madaraja ni Basic, Express, Enterprise, na kwa matoleo mapya Datacenter, na linaandikwa kwenye ukurasa wa leseni wa iDRAC yenyewe. Dai picha ya ukurasa huo, picha ya nyuma ambayo maandishi ya kila poti yanasomeka, na picha ya mbele bila kifuniko. Akisema picha atatuma kesho, tafuta muuzaji mwingine leo.